Miti Mitatu na Marahaba Moja: Wasifu wa Marehemu Mzee Yakobo Castory Banzi (1952–2025)

Familia ya Banzi, pamoja na ukoo wa mama yake marehemu ambao ndio wenye shamba hili tuliloketi, inawashukuru nyote mliopanda mpaka Kinole leo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, kumsindikiza Mzee Yakobo Castory Banzi. Mmepanda na mvua, mmepanda na tope, na baadhi yenu mmepanda na swali. Swali hilo familia inalijua. Limezunguka Mji Mpya tangu Desemba 2022, likafika Mlali kwa wakwe, na juzi lilisikika hata kwa akina mama waliokuwa wakimenya ndizi za msiba. Swali lenyewe ni hili: siku ile dukani kwa Mzee Mahendra, marehemu alimeza au hakumeza? Mjane, Mama Modesta, ameruhusu lijibiwe leo mbele ya marehemu mwenyewe, kisha lizikwe naye. Litajibiwa mahali pake. Kwanza azaliwe.

Mzee Yakobo alizaliwa hapa Kinole siku ya Ijumaa, tarehe 25 Julai 1952, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, kwa hiyo jina halikutafutwa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Castory Banzi na marehemu Mama Perpetua. Mama yake alishikwa na uchungu shambani, chini ya mfenesi, akiwa anapasua fenesi pamoja na dada zake, na waliompokea mtoto hawakupata nafasi ya kunawa vizuri. Anayejua fenesi anajua utomvu wake. Inasimuliwa katika ukoo kwamba mtoto aliwaganda shangazi na mama wadogo mmoja baada ya mwingine, mpaka yakaletwa mafuta ya nazi ndipo akaachia. Mama Perpetua alikuwa akisema kwamba mwanawe alionja mfenesi kabla ya kuonja maziwa.

Alianza shule mwaka 1961 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Familia imekitafuta cheti chake na imekipata, ila kwa heshima ya marehemu alama za hesabu hazitasomwa. Mwaka 1968 alipokelewa katika karakana ya misheni chini ya Bruda Anselmi, Mholanzi aliyekuwa fundi mkubwa wa mbao na aliyeanza kupoteza nuru ya macho. Kwa kuwa hakuona vizuri, Bruda alizitambua mbao kwa kuzilamba. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba macho hudanganywa na vanishi, pua hudanganywa na mafua, lakini ulimi hauna wa kuudanganya. Wanafunzi wenzake walicheka, wakalamba mara moja, wakarudi kwenye randa zao. Yakobo aliendelea kulamba. Alilamba mninga, mvule, mkangazi, msaji na mkongo, akalamba hata ubao wa pipa kuukuu la divai ya misa, ambao Bruda alimwambia ni wa mwaloni, mti wa Ulaya. Mwaka 1970 alilamba mti mmoja wa porini ambao jina lake halijulikani mpaka leo, kwa sababu baada ya kuulamba hakuweza kulitamka. Midomo ilivimba siku tatu, na ndugu zake wanazikumbuka siku hizo kuwa za utulivu kuliko zote nyumbani kwao.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha jeshi cha Mzinga, kwenye karakana ya mbao, akitengeneza masanduku. Ndani ya masanduku hayo kuliwekwa nini, alikuwa ameambiwa asiseme, na hakusema mpaka amekufa. Aliacha kazi kwa hiari mwaka 1985, akafungua karakana yake Mji Mpya, akitengeneza milango, vitanda, viti vya kanisa na majeneza. Juu ya mlango aliandika BANZI FUREMU NA MILANGO. Mafundi wenzake walimtania sana, maana banzi kwa mafundi ni kile kipande cha pembeni cha gogo, chenye gome, kinachotupwa au kujengewa banda la kuku. Yeye akajibu kwamba banzi ndilo linalokaa nje ya mti na kupigwa jua na mvua ili walio ndani wawe mbao. Jibu hilo alilipenda, akalirudia miaka arobaini.

Urafiki wake na Mzee Mahendra, mwenye duka la misumari, gundi na bawaba pale mjini, ulianza kwa ugomvi. Mwaka 1986 Mzee Mahendra alinunua meza akaambiwa ni ya mninga, akawaalika ndugu zake nyumbani kuja kula chakula cha kwanza juu yake. Yakobo alikuwa amekuja kurekebisha kitasa. Akapita, akainama, akalamba mguu wa meza mbele ya wageni, akasema kwa upole kuwa huo ni mpaini uliopakwa rangi. Mzee Mahendra hakusema naye miezi miwili. Mwezi wa tatu meza ikapasuka, naye akamtumia kilo mbili za misumari na salamu. Tangu hapo walikunywa chai pamoja kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye benchi la nyuma ya kaunta. Mwishowe wote wawili walikuwa watu wa chai tupu. Mzee Mahendra kwa dini yake hakuwahi kugusa pombe wala nyama. Kwa nini Yakobo naye alikuja kuwa wa chai tupu, hilo linatupeleka kwenye ndoa.

Mwaka 1977, akiwa likizo kutoka Mzinga, aliitwa Mlali kutengeneza mlango wa nyumba ya mzee mmoja mkulima wa nyanya na vitunguu. Alipofika aliulamba mlango wa zamani kwanza. Mwenye nyumba alimwita mkewe aje aone fundi anayekula milango, mkewe akamwita binti yao, na binti alipofika alicheka mpaka akakaa chini. Huyo binti ndiye Modesta. Yakobo alitumia wiki tatu kwenye mlango wa siku mbili. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu: Jesca aliyezaliwa mwaka 1980, Joseph mwaka 1983, na Joyce mwaka 1990.

Mkisikiliza vizuri mtaona kati ya Joseph na Joyce kuna miaka saba. Wasifu hautasema uongo mbele ya altare na jeneza. Katika miaka ile marehemu alikunywa. Alikunywa pombe ya miwa ya huku mlimani, alikunywa ya mahindi ya kule bondeni, na alipokosa zote mbili alikunywa ile ambayo haikuwa na jina. Wengi wenu mnakumbuka habari ya jeneza la Novemba 1987. Alifariki mzee mmoja wa kwaya, mtu mrefu, na Yakobo akaitwa kuchukua vipimo. Alifika akiwa amelewa, akamkuta mlinzi wa zamu amelala kwenye benchi nje ya nyumba ya msiba, akamvua kofia kwa heshima, akasali, akampima yeye. Mlinzi alikuwa mfupi. Siku ya mazishi ibada ilisimama saa nne nzima huku jeneza likiongezewa kibanda cha miguu. Watoto wa mzee yule wako hapa leo, na familia inawaona wanacheka, tunawashukuru kwa moyo huo.

Hata hivyo siyo jeneza lililomtoa Mama Modesta nyumbani. Kilichomtoa kilikuwa kidogo kuliko hicho. Jesca, akiwa na miaka saba, alikuwa akirudi shule na kumkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha uani, macho wazi. Alisimama mbele yake, akampa shikamoo, akasubiri. Hakuitikiwa. Kesho yake alirudi, akampa tena, akasubiri tena, maana mtoto aliyelelewa vizuri haondoki kabla hajaitikiwa. Siku moja ya Januari 1988 mama yake alimkuta bado amesimama pale na mkoba wa shule mgongoni, jua linazama. Hakugomba. Alifunga nguo, akawachukua watoto wote wawili, akarudi kwa baba yake Mlali.

Yakobo alikaa peke yake miezi mitatu. Jumapili tarehe 10 Aprili 1988, wiki moja baada ya Pasaka, alisimama kanisani mbele ya paroko, mbele ya wakwe zake, akaweka nadhiri ya maneno haya, ambayo paroko aliyaandika na Mama Modesta anayo karatasi yake mpaka leo: "Pombe haitapita tena kooni kwangu, na shikamoo ya mwanangu haitalala bila marahaba." Mama Modesta alirudi. Alirudi na onyo lake, kwamba siku nadhiri hii ikivunjika yeye Mlali anapajua na nauli anayo. Tangu siku ile, kwa miaka thelathini na minne, Mzee Banzi hakunywa. Na shikamoo aliitikia kwa namna ambayo ilichosha hata watoaji. Aliitikia za watoto wake, akaongeza za watoto wa jirani, akawa anaitikia hata za watu waliokuwa wakimsalimu mtu mwingine. Kwenye mazishi, kwenye foleni, akiwa na misumari mdomoni, alitema misumari kiganjani kwanza, akaitikia marahaba kwa sauti, ndipo akaendelea na kazi.

Sasa tumefika dukani.

Binti wa Mzee Mahendra, Drashti, alizaliwa na kusoma hapa Morogoro, akaenda Marekani kusomea kemia, na huko akapata kazi katika kiwanda kidogo cha wiski, mji wa milimani. Baba yake kwa miaka kadhaa aliwaambia watu kuwa binti yake anafanya kazi ya nafaka. Hakusema uongo, maana wiski hiyo hutengenezwa kwa kimea cha shayiri tupu bila kuchanganywa na kitu. Desemba 2022 Drashti alikuja likizo na chupa tatu ndogo, pamoja na tatizo. Kiwanda chao kilikuwa kimenunua mapipa ya miti migeni ili kuipa wiski ladha ambayo wengine hawana, na katika kusafirisha, karatasi zikachanganyika. Pipa moja liliandikwa mforosadi, lakini yeye akilionja moyo unakataa. Kiwandani walimwambia ni mawazo yake. Yeye akakumbuka kwamba utotoni, akiwa chini ya meza ya baba yake, aliwahi kumwona fundi akilamba mguu wa meza na kuivunja heshima ya nyumba nzima kwa neno moja.

Jumamosi tarehe 17 Desemba 2022, saa nne na nusu asubuhi, chai ikiwa imekwisha, Drashti alimpa shikamoo Mzee Banzi, akaitikiwa, akapanga chupa zake juu ya kaunta. Akaeleza kuwa wiski hiyo ilikaa miaka minne kwenye pipa la mwaloni, halafu ikamalizwa kwenye pipa jingine. Mzee Banzi alitazama chupa, akamtazama na binti.

"Kama ilimalizwa," akauliza, "hii iliyomo humu ni nini?"

Drashti alijaribu kueleza tena, na ndipo mzee akamrekebisha kwamba kinachomalizwa ni chakula. Kazi ya fundi inamaliziwa, kama nyumba inavyomaliziwa kwa plasta na rangi. Drashti aliandika neno hilo kwenye daftari lake. Kisha mzee akasema kwamba pamoja na hayo yote yeye hanywi, na kila mtu Mji Mpya anajua. Drashti akamjibu kuwa hakuna haja ya kumeza, wao wenyewe kiwandani hutema. Mzee Banzi alishangaa kusikia kuna watu wameajiriwa kutema pombe. Aliipitia nadhiri yake kama anavyopitia ramani ya kabati kabla ya kukata mbao. Nadhiri ilisema koo. Haikusema ulimi. Ulimi uko huku na koo liko kule, na katikati pana mlango ambao ufunguo wake anao mwenyewe. Akaomba kopo.

Mzee Mahendra alileta kopo la rangi lililooshwa, akalishika mwenyewe kwa mikono miwili huku ameangalia pembeni, kwa kuwa hakutaka dini yake imwone. Barazani alikuwepo fundi vioo, Hashimu, akikata kioo cha dirisha. Chupa ya kwanza ilikuwa ya mwaloni tupu. Mzee alichukua funda dogo, akalizungusha, akafumba macho, akatema, akasema huo ni mwaloni, alikwisha kuulamba kwenye pipa la misheni, na kwamba misheni ilikuwa na pipa zuri zaidi. Akasukutua kwa maji, akatafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha. Chupa ya pili ilimaliziwa kwenye mti wa Brazili uitwao amburana. Aliutema pia, akasema huo haujui, si wa huku, ila unajifanya mdalasini, na mdalasini wa Kinole hauna kelele namna hiyo. Drashti alikuwa anaandika.

Funda la chupa ya tatu alilishika mdomoni. Hakutema. Alifumba macho, mashavu yamejaa, na Drashti anasema uso wake ulianza kuwa wa mtoto. Dakika ikapita. Mzee Mahendra mikono ikamchoka.

Wakati huohuo akaingia Jesca, binti mkubwa wa marehemu, mwalimu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Alikuwa amepita kununua bawaba za kabati la darasa. Mzee Mahendra alipomwona alipatwa na hofu, kwani anachokiona Jesca saa tano Mama Modesta anakijua saa saba. Akalitupa kopo chini ya kaunta, akazifunika chupa kwa gazeti, akasimama mbele yake akitabasamu. Jesca akampa shikamoo, akaitikiwa. Kisha akamgeukia baba yake.

"Shikamoo baba."

Akasimama, akasubiri.

Hapo ndipo nadhiri zote mbili zilipokutana katika mdomo mmoja. Kopo lilikuwa limefichwa. Nyuma ya Jesca mlango ulizibwa tena na Hashimu na kioo chake. Kutema sakafuni kwa rafiki yake asingeweza, na shikamoo haiitikiwi kwa kichwa. Jesca aliona baba yake amemkazia macho, mashavu yamevimba, akadhani ni jino. Aliendelea kusimama, na mkoba wake wa shule ulikuwa begani. Labda ni ule mkoba uliomkumbusha yule mtoto wa uani. Aliona koo la baba yake likipanda na kushuka mara moja.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka. Halafu akasema, "Mfenesi."

Alimeza, ndugu waombolezaji. Jibu la swali lenu ni hilo.

Jesca wa siku ile hakuelewa. Alidhani baba yake anaumwa jino na anatamani fenesi, akaenda sokoni akamnunulia moja kubwa, akampelekea nyumbani. Mzee alilila siku tatu bila neno. Hashimu barazani alikuwa amesikia funda likishuka, na kabla kioo chake hakijapata fremu, Mji Mpya nzima ilikuwa na habari. Kwenye jumuiya, mwenyekiti, Mama Yustina, aliomba tuwaombee wazee wanaorudi nyuma ukingoni mwa safari. Mama Modesta aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Marehemu alitazama sakafu. Kwa muda wa miaka miwili aliishi akiusikilizia mlango wa chumbani, kama sanduku la nguo linafungwa. Wanaomjua wanasema hakuogopa kifo, aliogopa Mlali.

Drashti naye alirudi Marekani na jibu lake. Mwezi Februari 2023 alipiga simu kusema kwamba karatasi ya pipa la tatu imepatikana. Lilitoka Brazili, na mti wake ni mfenesi kama mzee alivyosema. Kiwandani waliokuwa wakimcheka waliomba wajulishwe mzee huyo amesomea chuo gani. Mwaka huohuo ikaja chupa kubwa yenye karatasi nzuri, na chini kabisa kwa herufi ndogo imeandikwa Kiswahili: imemaliziwa kwenye mfenesi. Chupa haikufunguliwa. Iliwekwa kwenye kabati la vyombo, kati ya picha ya ndoa na sanamu ya Mama Maria, na kila Jumamosi Mama Modesta aliifuta vumbi bila kusema kitu. Marehemu aliwahi kukiri kwa Joseph kwamba angependa mara mia agombezwe kuliko kuona ile chupa inavyong'aa.

Afya ya Mzee Banzi ilianza kudhoofu mwaka 2019 kwa kikohozi cha vumbi la mbao alilolivuta miaka hamsini. Mwaka 2024 alilazwa mara tatu hospitali ya hapo mjini, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu, hasa siku alipolamba mguu wa kitanda na kuwaeleza ni chuma. Daktari alipomuuliza kama anatumia pombe, alisema, "Funda moja. Lakini nilikuwa naitikia salamu." Daktari akaandika hapana.

Alasiri moja ya Februari mwaka huu, akiwa nyumbani, alimwomba Mama Modesta akae karibu. Maneno yaliyosemwa Mama ameyatoa mwenyewe yasomwe.

"Mama Jesca," akamwambia, "ile ya tatu ilipita."

"Najua, Baba Jesca. Nilijua wiki ileile. Ulikula fenesi la sokoni siku tatu bila kulisema vibaya."

Marehemu akauliza kwa nini basi hakwenda Mlali. Mama Modesta akamwambia kwamba alikuwa ameshatoa sanduku. Kabla hajaanza kukunja nguo alimwita Jesca, akamuuliza ilivyokuwa hatua kwa hatua, nani alisimama wapi na nani alisema nini. Kisha akalirudisha sanduku juu ya kabati.

"Yule niliyemkimbia alikuwa haitikii watoto wake," akasema. "Huyu amemeza ili aitikie. Sasa niende Mlali nikimkimbia nani?"

Mzee Banzi alilia, halafu akakohoa, halafu akauliza kama miaka miwili yote hii alikuwa anamwacha tu ateseke na ile chupa. Mama Modesta akajibu kwamba ndiyo, kidogo, kwa ajili ya mwaka themanini na saba.

Mwaka juzi mfenesi mkongwe wa shamba hili, uleule ambao Mama Perpetua alishikwa na uchungu chini yake, uliangushwa na upepo. Marehemu aliomba ruhusa ya ukoo, akaupasua mbao, na akatumia nguvu zake za mwisho kutengeneza jeneza mnaloliona hapa, la rangi ya manjano, bila vanishi. Alijipima mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, Hashimu akishika kamba upande wa miguu ili ashuhudie. Akaongeza inchi mbili, kwa heshima ya mzee wa kwaya. Mchapaji wa ratiba hii alitaka kuandika kwenye jalada kwamba marehemu amemaliza mwendo, kama ilivyo desturi. Mama Modesta alimrudishia. Marehemu aliagiza iandikwe kwamba ameanzia kwenye mfenesi na amemaliziwa kwenye mfenesi. Mchapaji alisema ni kosa la sarufi, akaelezwa.

Mzee Yakobo alifariki dunia nyumbani kwake Mji Mpya siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Saa moja asubuhi hiyo Jesca alipita kabla ya kwenda shuleni, akampa shikamoo. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, lakini midomo ilijikusanya na marahaba ikatoka. Hakuna tena aliyemsalimu baada ya hapo, kwa hiyo ameondoka bila shikamoo ya mtu mkononi.

Ameacha mjane, Modesta, ambaye ameomba ukoo wa mumewe umwachie nafasi upande huu wa kushoto wa kaburi, na ukoo umekubali. Mlali wameshajulishwa, wasimsubiri. Ameacha watoto watatu, Jesca, Joseph na Joyce, wajukuu saba, na dada yake mmoja. Ameacha rafiki, Mzee Mahendra, aliyepanda mlima huu leo akiwa na miaka themanini na fimbo mbili, na ambaye ameleta lile kopo. Ameacha chupa moja. Mama Modesta ameifungua asubuhi hii, na kwa idhini ya paroko itamwagwa yote kaburini kabla ya udongo, hatakunywa mtu; Hashimu asisogee.

Ilipangwa wasifu uishie hapo, kwa maneno tunayoyajua wote. Lakini binti yake anayewasomea ameomba aseme la kwake, moja tu.

Shikamoo baba. Safari hii usihangaike kuitikia, nitaondoka hivyohivyo. Pumzika kwa amani.